Raleigh au Phoenix: ipi ununue ukiikuta Mwaloni?

Pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza, baiskeli kuukuu za mizigo bado zinabeba magunia ya dagaa, na mbili, Raleigh na Phoenix, huchanganywa sana, kwa sababu zote zina rimu za inchi 28 na breki za fito, yaani zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya.

Raleigh ilitoka Nottingham, Uingereza. Usiamini rangi, kwani mafundi hupaka upya. Tazama spoketi ya mbele: nyingi zimekatwa umbo la vichwa vya ndege kulastara. Kisha futa grisi kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ukikuta habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu, mwaka iliyotengenezwa kwa kawaida umegongwa palepale. 58 ni 1958. Ila habu hubadilishwa, kwa hiyo linganisha na fremu.

Phoenix ni ya Shanghai, China, yenye nembo ya finiksi, ndege wa hadithi. Imara kweli, na vipuri vyake havisumbui.

Kwa kubeba samaki, mimi nachukua Phoenix bila kusita, maana Raleigh za zamani zina nyuzi za skrubu za peke yake zisizoingiliana na vipuri vya kawaida, na beringi za ekseli ya pedeli zikilegea utahangaika. Lakini Raleigh yenye vipuri vyake vya asili iuze kwa mkusanyaji, kamwe si kwa bei ya chuma chakavu. Na tafadhali, usiipake rangi kwanza!