Windows Mail imezimwa: programu ipi ya barua pepe inafaa ofisi ya Lubumbashi?

Tangu tarehe 31 Desemba 2024, ile programu ndogo ya barua iliyokuja bure na Windows 10 haitumi wala haipokei chochote. Microsoft iliifunga na kuwasukuma watu kwenye Outlook mpya. Kabla yake Windows Live Mail iliachwa vivyo hivyo, Januari 2017, lakini ofisi nyingi ndogo za hapa Lubumbashi ziliendelea kuing'ang'ania mpaka ikaanza kudai nywila kila inapofunguliwa.

Nywila haina kosa. Google tangu Mei 2022, na Microsoft tangu Septemba 2024 kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail, hazikubali tena programu inayoingia kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Zinataka njia mpya inayoitwa OAuth, ambapo unathibitisha kwenye ukurasa wao wenyewe, na programu iliyoachwa na wenyewe haitaijua kamwe. Kwa hiyo ukiona kidirisha cha nywila kinarudi na kurudi, acha kubadilisha nywila. Tafuta programu nyingine.

Kinachoniuma ni vile vitu vilivyoondoka nayo. Windows Live Mail iliweka kila barua kwenye diski kama faili lake, ukaweza kulishika na kulivuta mpaka kwenye flashi. Ulipanga kanuni ili barua za mteja fulani ziingie zenyewe kwenye folda yake. Uliandika majibu kumi bila mtandao, yakangoja kwenye kikasha cha kutokea hadi mtandao urudi. Mtu anayepata umeme na intaneti saa zote anaweza kuyaona haya kuwa madogo. Wakala wa forodha wa hapa mjini, ambaye lori la mteja wake limesimama mpakani Kasumbalesa na mega za intaneti zimekwisha, anahitaji kuifungua ankara sasa hivi. Barua zake zikiwa kwenye kivinjari tu, atatazama ukurasa mweupe.

Ndiyo maana sipangi programu hizi kwa uzuri wa sura. Nauliza kwanza kama barua zinakaa kwenye kompyuta yako. Halafu nauliza kama unaweza kuzitoa siku programu itakapokufa, kwa sababu itakufa, hata ile ya kulipia: Postbox iliuzwa kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ikanunuliwa na wenye eM Client na kusimamishwa. Tatu ni mega inazokula. Nne ni malipo. Wauzaji wa programu wako ng'ambo na wanataka kadi ya benki au PayPal, wakati wengi wetu tuna dola mkononi na pesa kwenye simu. Bei ndogo usiyoweza kuilipa haikusaidii.

Ya kwanza: Thunderbird

Ni ya bure, na si bure ya kujaribu: inaendeshwa kwa michango, chini ya kampuni tanzu ya Mozilla, na ipo tangu 2004. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, ina sura ya Kifaransa, na kamusi ya Kifaransa ya kusahihisha maandishi unaiongeza bila malipo. Kwa ofisi inayoandika Kifaransa asubuhi na Kiingereza cha wateja wa Zambia mchana, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Lakini sababu ninayoiweka juu ni diski. Ukifungua akaunti ya IMAP, yaani ile ambayo barua hubaki kwenye sava ya mtandaoni, kawaida yake ni kushusha nakala ya barua kwenye kompyuta, kwa hiyo unazisoma hata mtandao ukiwa umelala. Zinahifadhiwa kwa muundo wa mbox, ambao ni maandishi ya kawaida na unasomwa na programu nyingine nyingi. Folda nzima ya wasifu wako, pamoja na akaunti, kanuni na anwani, unainakili kwenye diski ya nje na kuihamishia kwenye kompyuta nyingine kama ilivyo. Na kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali pa kuiambia isishushe barua zinazozidi ukubwa fulani. Weka kikomo hapo siku ya kwanza. Mteja akituma picha ishirini za kontena, utaona kichwa cha barua na kuamua mwenyewe kama picha hizo zinastahili mega zako.

Ina udhaifu, tena wa kweli. Barua uliyoifuta inaendelea kukaa ndani ya faili mpaka folda ikandamizwe (amri ya Compact), na faili linavimba. Umeme ukikatika katikati ya ukandamizaji, orodha ya folda inaweza kuvurugika. Dawa yake ni amri ya kutengeneza folda iliyo ndani ya sifa za folda hiyo, lakini ni bora zaidi kukandamiza ukiwa na kompyuta ya mkononi yenye chaji au betri ya akiba. Sura yake ilibadilishwa sana mwaka 2023 na watumiaji wa zamani walilalamika. Mpangilio wa kale wa orodha bado unaweza kurudishwa kwenye menyu ya mwonekano. Barua za Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft ambao makampuni makubwa ya madini na washirika wao hutumia, ilianza kuzipokea bila nyongeza mwishoni mwa 2025 tu, kwa hiyo kama kazi yako yote iko huko, jaribu kwanza kabla ya kuahidi mtu.

Ya pili: eM Client

Hii inatoka Ucheki, na kwa mtu aliyezoea Windows Live Mail ndiyo itakayomshtua kidogo zaidi. Barua, kalenda na anwani viko pamoja, na inavuta yenyewe barua za programu kadhaa za zamani, Live Mail ikiwamo, bila kutafuta nyongeza. Ina nakala ya akiba inayojifanya yenyewe kwa ratiba, jambo ambalo Thunderbird ilipaswa kuwa nalo tangu zamani.

Imekuwa ya pili kwa sababu toleo la bure ni la matumizi binafsi tu na lina mipaka. Duka au ofisi inatakiwa kununua leseni, na hapo tunarudi kwenye kadi. Kama ofisi ina kadi inayokubali malipo ya nje, mnunulie bila wasiwasi yule mama wa uhasibu asiyetaka kujifunza upya. Kama hamna, msianze na toleo la bure mkitumaini kulipa baadaye.

Ya tatu: Outlook ya kawaida, ile ya zamani

Namaanisha ile inayokuja na Office. Kama kampuni tayari inalipia Office, itumie, ina nguvu na inafanya kazi bila mtandao. Microsoft imesema itaendelea kuihudumia angalau hadi 2029. Kuilipia kwa ajili ya barua tu, hapana. Na jihadhari na Office za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye flashi mitaani: leseni yake haijulikani, na ndani ya kompyuta hiyo kuna barua za wateja wako.

Ya nne: Claws Mail, kwa kompyuta iliyochoka, yenye kumbukumbu ndogo. Ni nyepesi sana na ya bure, lakini huandiki barua yenye rangi na picha, ni maandishi matupu.

Ya mwisho: Outlook mpya, ingawa ndiyo iliyokuja bila kuombwa. Ukiiunganisha na akaunti ya Gmail, Yahoo au ya kampuni yako, inataka kuzinakili barua, anwani na kalenda kwenye sava za Microsoft. Toleo la bure linaweka matangazo katikati ya orodha ya barua. Mtu aliyepokonywa programu iliyohifadhi barua kwake hakustahili kupewa hii kama badala.

Kabla ya kuhama, angalia kama programu yako ya zamani ilitumia POP au IMAP. Hili linapita chaguo lolote la hapo juu. Kwa POP, mara nyingi barua ziliondolewa kwenye sava zilipokwisha kushushwa, na nakala pekee iliyobaki duniani iko kwenye diski ile ile unayotaka kuifomati. Usimruhusu fundi aguse Windows kabla ya kunakili folda ya Windows Live Mail, iliyofichwa ndani ya AppData, Local, Microsoft. Barua zake ni faili za .eml, Thunderbird inazipokea kwa nyongeza iitwayo ImportExportTools NG. Ingiza folda moja kwanza, fungua barua ya zamani yenye kiambatisho, hakikisha kinafunguka, ndipo uingize zilizobaki. Folda ya asili iache kwenye diski ya nje hata baada ya kila kitu kuonekana kimefika.