Nimemsomesha binti kwa masista Tabora: matokeo, ada na wale waliotangulia

Kila ikikaribia Septemba simu yangu haipumziki. Huyu anauliza, yule anauliza: ile shule ya masista aliyosoma binti yako, hela yake inaonekana? Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote kwa mkupuo. Jina la shule naliacha, maana yapo ya kusifu na yapo ya kulalamikia, na sitaki maneno yangu yageuke kesi. Ni sekondari ya bweni ya wasichana, ya kanisa, mkoani Tabora. Binti aliingia kidato cha kwanza Januari 2018, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2021.

Sisi ni Waislamu, watu wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Mimi nauza asali na karanga, baba yao analima tumbaku Urambo. Upande wa mume walikuja juu waliposikia mtoto anapelekwa kwa masista. Shangazi yake mmoja alisusa hata kuja kumuaga. Lakini mji huu ni wa shule tangu zamani. Mwalimu Nyerere alisoma hapa kwenye shule ya serikali, na alipotoka Makerere akarudi hapa hapa kufundisha St. Mary's, shule ya wamisionari, kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtu wa Tabora ukimwambia shule ya kanisa inafundisha, hana cha kushangaa. Kinachomsumbua ni ada.

Na ada nayo ina mambo yake. Shule inataka hela Januari, wakati mkulima wa tumbaku Januari yuko shambani na madeni ya mbolea. Masoko yanafunguliwa kuanzia Aprili hivi, na hata ukiuza, malipo kupitia chama cha msingi cha ushirika yanaweza kuchukua wiki nyingi kufika. Hapo mhasibu wa shule alinishangaza. Alinitaka nilete barua ya chama inayoonyesha mume wangu ni mwanachama, kisha akatupangia robo ya ada Januari na iliyobaki baada ya malipo ya tumbaku. Miaka yote minne mtoto hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Ila michango midogo midogo ilitutoa jasho: ya madawati, ya mahafali, ya ukarabati wa kisima, ya sare ya michezo ambayo sikumwona akiivaa. Ukipewa ile karatasi ya ada, uliza pale pale na michango ya mwaka mzima, waandike.

Kwenye usaili Kiingereza kilimtoa nje. Alisoma shule ya msingi ya serikali, Kiingereza chake kilikuwa cha kuamkia walimu tu. Walimchukua kwa hesabu zake, kwa sharti aripoti mapema kabla ya wenzake apigwe msasa. Nilidhani watamkaririsha sarufi. Kumbe mwalimu aliwapa vitabu vya Baiolojia na Jografia wasome kwa sauti, na kila neno gumu waliandike kwenye kidaftari cha mfukoni, upande wa pili wachore. Kuchora tu, kuandika Kiswahili hairuhusiwi. Aliporudi likizo kidaftari kilikuwa kimechakaa pembe zote. Penye utando wa seli alikuwa amechora yai lililovunjwa, na mshale unaonyesha ile ngozi nyeupe ya ndani ya ganda. Mpaka leo namna ile ya kufundisha siisahau, na kama ni kuipa shule hii maksi, nyingi naziweka hapo. Mtoto wa shule ya serikali aliyeingia hajui kujieleza, kufikia kidato cha pili alikuwa anabishana na kaka yake kwa Kiingereza, na kaka anashindwa.

Sasa matokeo. Bango la getini limejaa divisheni wani, lile daraja la juu kabisa, na si uongo: matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, yako wazi mtandaoni, shule kwa shule. Ila mimi nimeuza karanga miaka mingi, najua nzuri huwekwa juu ya debe. Kidato cha nne wanajumlisha masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Divisheni wani inaanzia pointi 7, yaani A saba, na inaishia 17. Hiyo 17 mtoto anaweza kuipata kwa B nne na C tatu, na C inaanzia alama 45. Mwenye saba na mwenye kumi na saba, bangoni wote wani. Nilikaa na kijana wangu na simu yake tukayapitia ya miaka mitatu: nyingi zilikuwa za pointi kumi na nne kwenda mbele. Si vibaya hata kidogo, lakini si picha niliyokuwa nayo kichwani niliposimama getini.

Jingine la kuangalia kwenye shule za dini, zao na zetu, ni somo la dini. Watoto hufanya vizuri humo na cheti kinapendeza. Lakini anayetaka kuchaguliwa kidato cha tano shule za serikali anatakiwa awe na A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu ambayo si ya dini. Kwa hiyo ukionyeshwa matokeo, ruka hilo kwanza, soma Hisabati, Kemia, Kiingereza.

Hisabati ndiyo iliyonifanya niwatetee kwa mume wangu. Nchi nzima, katika kila watahiniwa kumi wa kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati ni wawili au watatu. Darasani kwa binti yangu waliofaulu walizidi nusu. Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na maswali matano. Aliyekosa hachapwi wala hanyimwi chakula. Anakaa na aliyepata mpaka naye asimame ubaoni alifanye swali lile mbele ya mwalimu. Binti alikuwa ananung'unika kwamba Jumamosi zake zimekwisha kwa kuwafundisha watu, nami namwambia wewe ndiye unayefundishwa.

Fizikia ni hadithi nyingine. Mwalimu aliondoka walipokuwa kidato cha tatu, na kwa muda mrefu darasa lilipokezana na vijana wa mazoezi ya ualimu, kila mmoja akianzia alipotaka. Tulipouliza kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa tuwe na subira, mwalimu anatafutwa. Subira ile ilizaa D. Ada haikupungua hata senti.

Mwaka huo huo wa 2020 ndio shule zilifungwa kwa korona, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni. Shule nyingine za kulipia zilikuwa zinatuma masomo kwa WhatsApp, na mtoto wangu wakati ule alikuwa kwa baba yake shambani, ambako mtandao unapandiwa kichuguu. Masista walipeleka bahasha za kaki kwenye mabasi, jina la mzazi na namba ya simu juu. Kondakta wa Urambo alinipigia mimi mjini, nikamwambia ashushe kwa muuza chapati stendi. Ndani yake mlikuwa na maswali ya kila somo na karatasi nyeupe za kujibia, zikijazwa zinarudi kwa basi lile lile. Na zilisahihishwa kweli, kwa kalamu nyekundu, siyo vema moja kubwa ukurasa mzima.

Kuhusu dini, hili ndilo ninaloulizwa zaidi na akina mama wenzangu wa mtaani, tena kwa kunong'ona. Mtoto alihudhuria sala za asubuhi pamoja na wote, hilo ni lazima na limeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, usije ukasema hukuambiwa. Kubatizwa hakuna aliyemgusia. Mtandio mweupe aliruhusiwa nje ya darasa. Ramadhani ya kwanza nilimpigia sista mkuu wa shule, nikamwambia, "Shikamoo Sista, mtoto wangu anafunga." Akajibu, "Marahaba mama, tunao wengine kama yeye, usiwe na wasiwasi." Jikoni waliwawekea uji kwenye chupa za chai na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kuchemsha, na matroni, Mkatoliki wa kufa, ndiye aliyekuwa anawaamsha daku. Idi walipewa ruhusa ya siku moja, jioni wawe wamerudi. Shangazi aliyesusa sasa anaye mjukuu pale kidato cha pili. Hatujawahi kuligusia.

Nisiloweza kuwasamehe ni mchujo. Kwenye fomu imeandikwa kwamba mwanafunzi asiyefikia wastani wa shule "atashauriwa". Ushauri wenyewe ni kuitwa mzazi baada ya mtihani wa kidato cha pili na kuambiwa kwa upole kwamba mtoto atafaa zaidi shule nyingine. Rafiki mkubwa wa binti yangu, walilala kitanda cha juu na chini tangu siku ya kwanza, aliondoka hivyo. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili alikuwa amefaulu! Kilichopungua ni wastani wao wa ndani. Wizara imekwishakemea tabia hii mara kadhaa, lakini anayeshauriwa hana barua ya kupeleka popote. Baba yake alifunga godoro kwenye bodaboda, wakaondoka.

Ndiyo maana nawaambia watu: bango mtaliangalia baadaye. Fungueni kwanza matokeo ya kidato cha pili ya shule mnayoitaka, mhesabu watahiniwa, halafu fungueni ya kidato cha nne ya miaka miwili mbele, mhesabu tena. Wanaohama kwa sababu za kawaida ni wachache. Pengo likiwa kubwa, ujue ile "sifuri hakuna" wanayojisifia imepatikanaje. Kwa shule yetu pengo lipo, dogo kuliko la jirani zake wawili, lakini lipo. Tangu mwanzoni mwa 2023 NECTA imeacha kutangaza shule kumi bora, nikafikiri mashindano haya yatapoa. Mabango ndiyo kwanza yameongezeka ukubwa.

Waliotangulia sasa. Shule hupenda kutaja madaktari wake na mwanasheria wake mmoja, nao wamo kweli, mmoja alimtibu mama yangu hospitali ya Kitete bila kujua tunatoka wapi. Lakini siku ya mahafali waliosimama kuzungumza na watoto walikuwa wa kila namna: mwalimu wa msingi kutoka Nzega, mpima ardhi kwenye ujenzi wa reli ya SGR, mmoja mwenye cherehani nne na wasichana anaowafundisha, mmoja anayekusanya asali Sikonge na kuifungasha. Huyu wa mwisho nilimfuata mwenyewe, na biashara tunafanya mpaka leo. Ambaye alikuwa amepata divisheni foo alisema hivyo hivyo kwenye kipaza sauti, na sista mkuu akapiga makofi kama alivyowapigia wengine. Ukiniuliza, ningependa makofi hayo yangewafikia na wale walioshauriwa.

Faida ya hawa dada nimeiona baada ya mtoto kutoka. Alipata divisheni tuu, akachaguliwa kidato cha tano shule ya serikali kwa CBG (Kemia, Baiolojia na Jografia), akamaliza Mei 2024. Kipindi cha kuomba chuo na mkopo ndicho kinachowatesa watoto wa watu kama sisi, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kupita huko. Waliosoma pale wana kundi lao la WhatsApp, na kila mwaka wanagawana wanaomaliza kidato cha sita. Dada aliyepewa binti yangu alikuwa anasoma kilimo SUA, chuo kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alimwambia cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi, mapema asisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe, na akatuonya kwamba aliyesoma sekondari ya kulipia Bodi ya Mikopo humtazama kama mtoto wa wenye nacho, kwa hiyo kila hati ya kueleza hali ya nyumbani iambatishwe. Kama kuna mfadhili aliyelipa ada, barua yake nayo iwemo. Sisi mfadhili wetu alikuwa tumbaku, tukaambatisha stakabadhi za chama. Mkopo alipata, si wote, ila alipata. Yuko SUA hiyo hiyo, na baba yake sasa akitaka kununua dawa ya shambani anapiga simu kwanza.

Chakula: ugali na maharage siku nyingi, nyama Jumapili, hakuna aliyekonda. Maji ni shida Septemba na Oktoba, mpe mtoto ndoo mbili zenye mifuniko. Simu hakuna kabisa, utaongea naye kwa simu ya matroni Jumapili mchana na foleni ni ndefu. Vyoo visafi. Siku ya kutembelea ni moja kila muhula, na wanakagua vikapu kweli kweli, sambusa zangu ziliishia getini.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano. Mdogo wake binti ameshachukua fomu ya usaili, na safari hii nimemwomba sista aniandikie kwa kalamu, chini ya karatasi ya ada, kwamba akifaulu mtihani wa taifa wa kidato cha pili hatoki. Amesema atalipeleka kwenye bodi ya shule. Fomu nimeijaza yote, hela ya usaili bado ninayo mkononi.