RAM za DDR5 zinazotulia ukiwasha EXPO: nunua seti, usinunue kijiti kimoja kimoja

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana. Mtu kanunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR5 iliyoandikwa kasi ya 6000, kawasha EXPO, yaani mpangilio wa AMD unaoipandisha RAM hadi kasi iliyoandikwa, kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta), mashine imewaka vizuri, kisha katikati ya gemu inajizima na kujiwasha. Akizima EXPO inatulia, lakini sasa RAM ya 6000 inakwenda 4800. Nikiuliza ilinunuliwaje, wengi wananijibu: "Waliniuzia kimoja kimoja."

Kwa hiyo mambo ya taa za rangi nayaacha, na ukubwa pia, maana GB 32 zinamtosha mcheza gemu. Hiyo 6000 ni kasi ya kusukumwa. AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa za Ryzen, wanaidhinisha 5200 kwa Ryzen 7000 na 5600 kwa Ryzen 9000, tena kwa vijiti viwili. Ukijaza nafasi zote nne, kiwango rasmi kinashuka hadi 3600. Seti ya kiwandani imepimwa pamoja. Vijiti vilivyotoka kwenye maboksi mawili, hata viwe na jina moja, vinaweza kuwa na chipu za kampuni tofauti, na lile ganda la chuma linazificha.

Namba moja kwangu ni G.Skill Flare X5 ya 6000 CL30 (CL ni kipimo cha ucheleweshaji wa RAM), GB 16 mara mbili, na upendeleo wangu siufichi. Inatumia volti 1.35, na ina urefu wa milimita 33 tu, hivyo haigombani na kipoza prosesa kikubwa. Lakini kilichoniteka hasa ni lebo yake. Imeandikwa F5-6000J3038F16GX2-FX5. Isome taratibu: 6000 ni kasi, 30 ni CL, na 16GX2 ni GB 16 mara mbili. Ukipewa kijiti kimoja chenye X2, muulize muuzaji mwenzake kaenda wapi. Kisha viweke vyote viwili mezani ulinganishe namba za mfululizo. Zikiwa mbali mbali, usilipe.

Ya pili ni Kingston Fury Beast ya EXPO, CL30. Hapa angalia boksi: K2 kwenye namba ya modeli maana yake seti ya viwili. Ya tatu ni Corsair Vengeance. Ni nzuri, ila chini ya jina lile lile chipu hubadilika, kwa hiyo tafuta neno "ver" kwenye lebo. Namba inayolifuata ikianza na 5 chipu ni za SK Hynix, 4 ni Samsung, 3 ni Micron. Mimi nachukua ya 5, kwa sababu SK Hynix ndizo zinazobeba kasi kubwa kwa urahisi zaidi.

Ukitaka ya bei nafuu, Crucial ya 5600 kwa volti 1.1, ukiikuta bado dukani, inafanya kazi bila EXPO.

Ukishafunga, sasisha BIOS kwanza. Ukiwasha EXPO, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa wakati mazabodi inaizoea RAM, usichomoe umeme. Iache MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, halafu endesha nyingine iitwayo TestMem5. Kosa hata moja ni kosa. Tena iangalie HWiNFO, programu inayoonyesha joto la vifaa, wakati kadi ya picha inafanya kazi kwa nguvu, kwani RAM iliyofaulu ikiwa baridi inaweza kuanza kukosea ikipata joto. Feni ya kesi ikipuliza upande huo husaidia sana.

Sasa wauzaji. Wanafungua boksi la seti ili wauze kijiti kimoja kimoja kwa faida zaidi, kisha risiti ina muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Na bei zenyewe tangu mwishoni mwa 2025 zinaumiza. Viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili bandia, na Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Kwa fedha hizo mteja ana haki ya boksi lililofungwa. Kabla hujatoa hata senti, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya modeli ya seti na namba za mfululizo za vijiti vyote viwili. Akikataa, nenda duka la jirani.