Kikausha hewa cha kujitengenezea kwa injini ya ndege iliyolala: uzoefu wangu Tanga

Kama una ndege ndogo hapa pwani na unajua haitaruka kwa miezi, tengeneza kikausha hewa. Mimi nimekitumia kwenye Cessna 172 ninayoihudumia Tanga, yenye injini ya Lycoming O-320, kipindi chote mwenye ndege alipokuwa nje ya nchi. Sasa sikubali tena injini ya aina hiyo ilale bila kifaa hiki.

Lycoming ina maumbile yake. Kamishafti, fimbo yenye nundu za kufungulia vali, imekaa juu ya kranki, fimbo inayozungusha propela, na nundu zake hupata oili ya kurushiwa tu wakati injini inazunguka. Ndege ikisimama, oili huchuruzika hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na chuma kinabaki karibu kitupu. Mchana hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kutoka kwa bomba la kupumulia. Usiku injini hupoa na kuvuta ndani hewa ya bahari. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina takribani gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo, na injini huivuta kila usiku. Kutu ikishauma nundu za kamishafti, tapeti, vipande vinavyosukumwa na nundu hizo, huzisaga, chenga za chuma huingia kwenye oili, na hapo injini haina budi kufunguliwa.

Wenye ndege wengi huniambia, "Fundi, si niiwashe tu kila wiki?" Hapana, na hili nalisema kwa mkazo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji. Mengi hutoka na moshi wa ekzosi, lakini mengine hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili, na injini inayonguruma ndege ikiwa ardhini haipati joto la kuyafukuza. Lycoming wenyewe, katika barua yao ya huduma L180, wanataka ndege iruke angalau saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kuiwasha kidogo hangani kunaongeza maji tu.

Kifaa chenyewe ni kopo kubwa la plastiki angavu lenye kifuniko cha kubana, kilo moja ya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), mipira miwili ya kupitishia hewa, na pampu ya tangi la samaki niliyoinunua Kariakoo. Pampu za namna hii huvuta hewa kupitia tundu la kwenye bodi yake, kwa hiyo niliiweka ndani ya kopo, juu ya silika, na tundu la waya wa umeme nikaliziba kwa silikoni. Pampu husukuma hewa kavu hadi kwenye tundu la kujazia oili. Hewa hiyo hupita ndani ya injini, hutokea bomba la kupumulia, kisha hurudi chini ya kopo na kupanda tena katikati ya silika. Hewa ni ile ile inayozunguka. Ukifanya pampu ivute hewa ya nje, silika itashiba upesi na kazi itakuwa kuikausha kila mara.

Napenda zaidi silika ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikinyonya maji. Ya bluu ina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Mwanzoni kijani kilianzia chini ya kopo, pale hewa ya injini inapoingilia, kikapanda haraka, maana oili yenyewe ilikuwa na maji. Baadaye kikawa kinasogea polepole mno. Kipimo cha unyevu nilichokiweka kwenye njia ya kurudi kilishuka chini ya asilimia 30, na chuma hakishiki kutu kirahisi hewa ikiwa chini ya 40. Silika ikishiba naikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120, oveni ambayo haipikiwi chakula.

Kinachochosha ni kuziba. Bomba la kupumulia la ndege nyingi lina upenyo mdogo pembeni, uliowekwa ili injini ipumue hata barafu ikiziba mdomo wa bomba. Usipouziba kwa tepu, hewa kavu yote inapotelea hapo. Ekzosi na njia ya kuingizia hewa nazo huzibwa, na kwenye silinda, mahali pa plagi za kawaida, naweka plagi zenye silika ndani. Mvuke wa oili nao huchafua silika hadi inakuwa kahawia, kwa hiyo weka filta kwenye mpira wa kurudi. Weka nyingine kwenye mpira unaokwenda injini; hiyo usiikose kabisa, kwa sababu vumbi la silika likiingia kwenye beringi litazikwangua. Umeme ukikatika, kopo lililozibwa vizuri halina shida.

Kila kizibo kifunge riboni nyekundu, na kwenye propela tundika kibao. Mlinzi wetu alizoea kuisukuma kidogo akipita. Nilimwambia, "Shikamoo mzee wangu, hii naomba tusiizungushe, inafuta ile oili kidogo iliyobaki." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakataza wengine.

Kabla ya kuirudisha angani tulimwaga oili yote na kujaza mpya. Kwa kamera ndogo nilichungulia kuta za silinda: zilikuwa safi, na mistari ya kunolea, ile michoro midogo ya kushikia oili, bado inaonekana. Kamishafti huwezi kuiona bila kuvua silinda, kwa hiyo oili ya safari za mwanzo tuliipeleka maabara, na kiwango cha chuma hakikupanda.

Kwa ndege itakayolala mwaka au zaidi, tumia pia oili ya kuhifadhia, kwa utaratibu wa mtengenezaji, na uandike kwenye kitabu cha injini.