Nilipeleka msumeno wa babu utambuliwe umri, nikarudishiwa bati linalong'aa

Jamani, mtu akikuambia anatambua vifaa vya zamani, muulize kwanza kama ana msasa dukani. Huyu alikuwa nao.

Nilimpelekea msumeno wa mkono wa marehemu babu. Kutu ilikuwa imeufunika, lakini usiku ule kabla sijaupeleka niliumulika kwa tochi kiubavu, nikaona herufi zikijitokeza katikati ya bapa: "...iladelph...". Ile ni chapa iliyochorwa kwa asidi, ni nyembamba mno, nayo ndiyo hasa inayokwambia msumeno umetoka wapi. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Niliporudi baada ya siku kadhaa, bapa linang'aa kama sufuria jipya na herufi hakuna! "Nimekusafishia, mzee, bure." Bure!

Halafu akanigeuzia kile kifungo cha shaba cha kwenye mpini, chenye picha ya ndege tai na maneno Warranted Superior, akaniambia hiyo ndiyo kampuni iliyoutengeneza. Kampuni gani? Hayo ni majigambo tu ya kusema ni bora kwa dhamana. Viwanda vingi viliyabandika kwenye misumeno isiyo na jina la mtengenezaji, hata Disston, watengeneza misumeno wa Philadelphia kule Marekani, ambao wenyewe wakiweka jina lao ni rahisi kuwatambua. Nilipobisha, akanitazama kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa.

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila nisimdhulumu. Kabla hajashika huo msasa wake, alipitisha kidole kwenye mgongo wa msumeno, ule ukingo usio na meno, akasema umebonyea, kwa hiyo usiniambie ni wa kabla ya 1874, kwani mgongo wa namna hiyo ulikuja na msumeno wa Disston uitwao D-8. Nimelichunguza hilo baadaye. Ni kweli, na mimi miaka yote nilikuwa nawaambia watu ni wa 1850. Basi ziwe nyota mbili. Lakini kila nikiliangalia lile bapa, naitaka ile ya pili nirudishiwe.

Ninao mwingine, mgongo umenyooka, na nati zake za shaba zinafunguliwa kwa bisibisi iliyochongwa pengo katikati. Huo nitamtumia picha. Wenyewe hatauona.