Biti za CNC ndogo: uzoefu wangu na mninga wa Tabora

Ukinunua CNC ndogo ya aina ya 3018, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ndani ya boksi utakuta kipakiti cha biti (vikatio vinavyozungushwa na mota) 10 nyembamba zenye ncha kali. Kwangu zilikuwa za digrii 20, ncha ya milimita 0.1. Ni biti za kuchora saketi za umeme na kutia alama nyembamba sana. Kwa seremala wa kuanzia hazitoshi, na mimi naona pesa ya pili baada ya mashine yenyewe iende kwenye biti, kabla hujafikiria kuongeza mota au kurefusha reli zake.

Niko Tabora mjini, na hapa mbao ni mninga kwanza. Unatoka Urambo, Kaliua, Sikonge, na vipande vinavyobaki kwa mafundi wa samani ndivyo ninavyotengenezea vibao vya majina ya nyumba, sinia ndogo na vifuniko vya visanduku vya zawadi vya asali. Kwa hiyo haya ninayoeleza yamepimwa kwenye mninga. Anayekata MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) au plaiwudi peke yake atakuta tofauti kidogo.

Biti niliyoipenda kuliko zote ni ya kabaidi (metali ngumu sana), ncha bapa, makali mawili, kipenyo milimita 3.175, msokoto wa kushusha. Msokoto ndiyo habari yenyewe. Biti ya kupandisha huyavuta maranda juu na kuyatoa mferejini, jambo zuri, lakini inapoyavuta inanyanyua na nyuzi za uso wa mbao. Mninga una sehemu ambazo nyuzi zake hupishana, na hapo ukingo wa herufi hubaki na manyoya ambayo msasa hauyamalizi bila kuila herufi yenyewe. Ya kushusha inazikandamiza nyuzi, ukingo unatoka msafi kama umepitishwa wembe. Mteja wa kibao cha jina anatazama ukingo. Hatazami sakafu ya mfereji.

Ila ya kushusha ina gharama yake: maranda yanabaki yameshindiliwa ndani. Mfereji ukiwa na kina, biti inachemka na mbao inaungua, unasikia harufu kabla hujaona weusi. Ndiyo maana ninapotenganisha kipande hadi chini naanza na ya kushusha kwa tabaka la juu, halafu nasimamisha mashine na kuweka ya kupandisha imalizie. Ukibadilisha biti kumbuka kupima upya sifuri ya kimo, yaani pale ncha inapogusa uso wa mbao, kwa sababu urefu haufanani.

Wauzaji watakushawishi uchukue biti ya mseto, ile ambayo chini yake inapandisha na juu inashusha. Ni biti nzuri sana kwa plaiwudi kwenye mashine yenye nguvu. Kwa 3018 naona haina faida, kwani ile sehemu ya chini inatakiwa izame yote chini ya uso wa mbao kwa safari moja ya kukata, na mashine hizi kwenye mninga zinakwenda kina cha nusu milimita, labda milimita moja. Ukikata kidogo kidogo hivyo, inayofanya kazi juu ni ile sehemu ya kupandisha tu, na manyoya yako yako palepale.

Biti ya pili ya kununua ni ya V, yenye ncha ya umbo la herufi hiyo, na pembe ichaguliwe kwa hesabu. Chukua herufi yenye mstari wa upana wa milimita 3. Kwa biti ya digrii 90 inahitaji kina cha milimita 1.5. Kwa digrii 60 inahitaji kama milimita 2.6. Kwa zile za digrii 20 za kwenye boksi ni zaidi ya milimita 8, na ubao wangu mwingi una unene wa milimita 12! Mimi nilitulia kwenye digrii 60, kwa sababu kivuli ndani ya herufi kinaonekana hata ukiwa mbali, nayo ncha inaingia vizuri kwenye kona za herufi ndogo.

Biti ya ncha ya mviringo subiri hadi uanze kazi za mapindo, kama tumbo la sinia. Ya makali mamoja ni ya akriliki, plastiki ngumu ambayo hupenda kuyeyuka.

Kuhusu kasi, mota ya mashine hizi inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Zidisha kwa makali mawili, kisha kwa milimita 0.03 ambazo kila kali hukata kwa mzunguko mmoja, unapata mwendo wa biti kusogea kwenye mbao wa milimita 600 kwa dakika. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha tazama kinachotoka: ukipata maranda madogo uko sawa, ukipata unga mtupu biti inasugua tu, na kusugua ndiko kunakoua makali. Wengi wetu tunapunguza mwendo kwa kuihurumia mashine. Punguza kina badala yake. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linachokoza pua na kifua.

Hapa mjini sijapata duka lenye biti hizi, mzigo wangu unakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Bei ya biti moja nzuri ya kabaidi ilikaribia pakiti nzima ya zile za rahisi, na imezizidi kwa mbali kudumu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji unene wa shina. Koleti, yaani kibanio kinachoshika shina la biti, inayokuja na mashine ni ya milimita 3.175. Ukitaka shina nene, koleti za saizi ya ER11 zinafika hadi milimita 7, lakini biti ya 6.35 haiingii kwenye koleti ya 6. Uliza pia urefu wa makali, na kwa mbao nyembamba chukua fupi, hazitikisiki.

Mpingo nimeujaribu kwa V ya digrii 60 tu, robo milimita kila safari, na herufi zilitoka kali sana. Kuukata hadi chini kwa mashine ya ukubwa huu sishauri.