Inveta ya kambi ya karafuu: pima kwanza kile inachokula yenyewe

Msimu uliopita tulihamia kambini karibu na Mtambile, Pemba, pamoja na wachumaji, tukiwa na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, paneli ya wati 100, na inveta mpya ya wati 1000, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, niliyoinunua kwa shilingi 180,000. Mahitaji yetu yalikuwa madogo: taa tatu za wati 9 za kuchambulia karafuu usiku, na chaji ya simu za watu sita. Usiku wa pili, mnamo saa nne, taa zote zilizimika huku nusu ya karafuu ikiwa bado haijatengwa na makonyo, yaani vijiti vyake.

Nilidhani nimeuziwa betri mbovu. Fundi alikuja na mita yake, akachomoa kila kitu akaiacha inveta peke yake, na mita ikaonyesha kwamba inavuta ampea 1.25 bila kuwasha hata taa moja. Hizo ni wati 15, na kwa kuwa hatukuizima usiku wala mchana, ilikuwa ikila wati-saa 360 kila siku. Betri kama yetu ina wati-saa 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo za kutumia ni 600 tu. Taa zetu tatu, kwa saa tano, zilihitaji 135. Inveta ilikuwa inatushinda sote kwa ulaji, na paneli iliyopata jua la vipande vipande baina ya mikarafuu haikuweza kurudisha kilicholiwa.

Ndiyo maana napanga inveta kwa jambo hilo moja, yaani ulaji wake ikiwa haina mzigo, ambalo mnunuzi ni nadra kuliulizia dukani.

Chaguo la kwanza ni kutonunua inveta kabisa. Taa za volti 12, feni ya volti 12 na chaja ya simu ya volti 12 hutumia umeme wa betri kama ulivyo, kupitia kidhibiti chaji cha sola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, na kambi nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Kwa mwenye kifaa kisichokubali ila umeme wa nyumbani, kama vile kompyuta, nachagua Victron Phoenix 12/250 ya kampuni ya Uholanzi, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda. Ikiwa haina mzigo huvuta takriban wati 4, na ina hali ya kuokoa umeme ambamo hulala, kisha huamka kila baada ya muda mfupi kuangalia kama kuna kilichowashwa. Taa moja ndogo huenda isiiamshe, na haiwezi kuendesha pasi wala birika. Bei yake ni kubwa kwa mtu wa karafuu, lakini nilichopoteza kwa ile ya kwanza kinaniuma zaidi.

Inveta kubwa zenye kidhibiti chaji ndani yake ni za nyumba yenye betri nyingi. Nyingi huvuta wati 30 na zaidi zikiwa zimekaa tu. Za bei rahisi zinafaa kwa atakayezizima kila amalizapo kazi.

Linalonikera ni wauzaji. Juu ya boksi huandikwa wati 2000 kwa tarakimu kubwa, nazo mara nyingi ni zile ambazo kifaa huzihimili kwa sekunde chache tu, ilhali ulaji wake wenyewe hauandikwi popote. Nilipokwenda Chake Chake na betri ndogo na mita mkononi, maduka mawili yalinikatalia kupima, na katika moja niliambiwa kwamba wanawake hawanunui hivyo. Duka la tatu lilinipa kiti na waya, tukapima inveta nne, na fedha yangu niliiacha hapo.